Simu Haioneshi Chenga

Maneno haya niliyasema mbele ya Waswahili wenzangu wanaozisaidia familia zinazohamia Shepparton, jimbo la Victoria, Australia. Nimeyaandika kama yalivyotoka, nikaacha tu vikohozi, na watoto waliokuwa wakikimbizana nyuma ya ukumbi.

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, akina baba, vijana, habari za jioni. Ndugu zangu wa Kivu, jambo yenu. Nimepewa nusu saa, na aliyenipa amekaa mstari wa mbele anatazama saa yake, kwa hiyo salamu nyingine mtanidai nje.

Wengi mnanijua kwa bisibisi. Kigoma nilikuwa na meza ya kioo karibu na soko. Nilibadilisha vioo, niliflashi simu, niliuza chaja na laini. Hapa mchana nachambua mapeasi kwenye banda la matunda, jioni natengeneza simu za watu jikoni kwangu, mke wangu akiokota skrubu kwenye unga. Msitegemee hotuba ya mhandisi wa minara. Mimi ni mtu anayeletewa simu ikiwa imeshakufa.

Nimeombwa niseme juu ya kuzimwa kwa mtandao wa 3G, yaani kile kizazi cha tatu cha mitandao ya simu, kilichokuja kabla ya 4G. Najua wapo wanaojisemea moyoni, huyu naye na habari za zamani. Ni kweli. Kati ya kampuni tatu za simu za hapa, Vodafone ndio waliotangulia: walianza Desemba 2023, Januari 2024 wakawa wamemaliza. Telstra na Optus wakafuata, wote wawili wakianza Jumatatu ya tarehe 28 Oktoba 2024. Limepita. Lakini watu wanaendelea kushuka uwanja wa ndege na simu zao mfukoni, na sisi ndio tunaowapokea, na swali lao la kwanza baada ya "choo kiko wapi" ni "laini nanunua wapi". Kabla hujamnunulia mtu laini, kuna kitu nataka ukijue. Mimi nilikijua kwa kuumbuka.

Waliokuwa Tanzania mwaka 2012 wanakumbuka habari ya ving'amuzi. Tuliambiwa mitambo ya analojia inazimwa, kila mwenye televisheni atafute king'amuzi. Watu wakapuuza. Wengine wakasema serikali haiwezi kuthubutu. Tarehe 31 Desemba ikafika, Dar es Salaam ikazimwa, sisi wa mikoani tukafuata kwa zamu. Siku hiyo hakuna aliyehitaji kuelezwa kitu. Uliwasha televisheni ukaona chenga, zile nukta nyeupe na nyeusi zinazocheza kwenye kioo. Chenga zilikuwa tangazo kuliko matangazo yote ya redioni. Mtu aliyegoma miezi kadhaa alikuwa dukani kabla ya saa nne asubuhi.

Simu haioneshi chenga. Mtandao ukizimwa, simu inawaka, saa inaonesha, picha za wajukuu zimo, WhatsApp inalia kama kawaida kwa sababu nyumbani kuna waifai. Kilichokufa ni kitu kimoja tu, kupiga na kupigiwa simu ya kawaida, nacho hukioni mpaka siku unapokihitaji.

Nieleze kidogo, maana hapa ndipo hata sisi mafundi tulipoteleza. 2G na 3G zilikuwa na njia maalumu ya sauti. Ukipiga, mtandao unakutengea nafasi yako peke yako mpaka ukate. 4G haikujengwa hivyo. Ilijengwa kwa ajili ya data, sauti haikuwekewa chumba. Simu nyingi za 4G za mwanzo zikaishi kama mtu aliyejenga nyumba ya kisasa, vigae mpaka ukutani, akasahau jiko. Akitaka kupika anatoka nje, anakwenda jiko la uani. Ukiwa kwenye intaneti uko 4G. Ukibonyeza kupiga, simu inashuka 3G kimyakimya, mnaongea, ukikata inapanda tena. Ukiitazama wakati hupigi, pale kwenye kona ya kioo inaandika 4G, wala haisemi uongo.

Baadaye likajengwa jiko la ndani. Linaitwa VoLTE, yaani sauti yenyewe inasafiri kama data ndani ya 4G. Ila jiko hili lina ufunguo. Haitoshi simu kuwa nalo; programu iliyomo ndani ya simu lazima iwe inakubaliana na mtandao unaoutumia. Simu iliyotengenezwa kuuzwa Nairobi au Dubai inaweza kuwa na ufunguo wa mitandao ya kule na isiwe na wa mitandao ya hapa. Jina ni lile lile, umbo lile lile, hata rangi.

Halafu kuna simu za aina ya tatu, na hizi ndizo zilizowatisha wakubwa. Kila siku zinapika ndani, hazina shida. Lakini ukipiga 000, namba ya dharura, zimepangwa tangu kiwandani kwamba dharura inapikwa uani. Zinakimbilia 3G. Machi 2024 aliyekuwa Waziri wa Mawasiliano, Michelle Rowland, alitangaza kwamba simu za namna hii ziko mikononi mwa wateja wapatao 740,000. Watu hao wangeamka siku ya kuzimwa, wakampigia shangazi, wakapiga kazini, kila kitu sawa. Nyumba ikishika moto ndipo wangekutana na ukimya.

Telstra walikuwa wametangaza tangu Oktoba 2019 kwamba 3G yao itazimwa Juni 2024. Karibu miaka mitano! Na bado Juni ilipokaribia ikasogezwa mpaka mwisho wa Agosti, Agosti nayo ikasogezwa mpaka tarehe 28 Oktoba. Wenyeji wa hapa hawakushangaa. Mtandao wa zamani wa CDMA ulipofungwa mwaka 2008 nao ulipangiwa Januari, serikali ikausogeza mpaka Aprili. Mimi sikuwapo, nimesimuliwa na mzee mmoja mwenye bustani ya mapeasi, ambaye hadi leo anaapa kwamba ile CDMA ilishika hata ndani ya tangi la maji. Wakulima huusifu hivyo kila mtandao uliokwisha kufa.

Sasa kwa nini miaka mitano haikutosha? Njooni jikoni kwangu.

Yupo mama mmoja mtu mzima, ametoka Fizi kule Kongo, amekaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mingi kabla ya kuletwa huku. Mtaa mzima tunamwita Bibi. Ndugu zangu wa Kongo msicheke, najua kwenu bibi ni mke. Kwetu Kigoma bibi ni mama wa mzazi wako, na yeye mwenyewe amelikubali. Bibi alikuwa na Samsung aliyonunuliwa Nairobi na mwanawe, kioo kimepasuka pembeni, amekiziba kwa plasta ya hospitali.

Kampuni yake ya simu ilimtumia meseji. Nimezihesabu mwenyewe baadaye: saba. Zote za Kiingereza, na chini yake kiungo cha rangi ya bluu. Alizifuta zote, zikabaki kwenye kapu la taka, ndipo nilipozikuta. Na nani aliyemfundisha Bibi kufuta meseji ya Kiingereza yenye kiungo? Sisi. Humu humu ukumbini, kipindi kile matapeli walipokuwa wakituma meseji za vifurushi vya posta. Tulimfundisha vizuri, naye akafuzu.

Kisha wakaweka sauti. Kila akipiga, kabla simu haijaita, sauti ya mwanamke inatoka inasema maneno ya haraka haraka. Bibi ametumia simu Afrika Mashariki miaka mingi. Anajua sauti ya mwanamke kabla ya simu kuita maana yake nini. Salio limekwisha. Akaenda kununua vocha. Sauti ikarudi. Akanunua tena. Mara ya tatu akamwambia yule binti wa dukani, kwa ishara, kwamba vocha zao ni za wizi.

Ndipo akaniletea simu. Na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ninajishitaki. Niliipokea, nikaisugua kioo, nikatazama kona ya juu. 4G. Nikamwambia, "Bibi, simu yako nzima. Wanaozimiwa ni wenye 3G, wewe una 4G." Akanipa maandazi sita. Nikayala.

Tarehe 28 ikapita. Siku mbili tatu baadaye mjukuu wake wa darasa la pili akapata homa shuleni. Shule ikapiga namba ya Bibi kuanzia saa sita mchana. Haipatikani. Wakapiga tena, na tena, mpaka saa tisa. Na Bibi alikuwa wapi? Nyumbani, sebuleni, simu mkononi, akiongea na dada yake aliyeko Uvira. Dakika arobaini na kitu. Kwenye WhatsApp, kwa waifai. Alipofika getini kumchukua mtoto kama kawaida, mwalimu alimtazama vibaya, naye hakuelewa kosa lake ni nini, kwa sababu simu yake ilikuwa hai mchana kutwa.

Mtoto alipona, alikuwa na homa tu. Lakini mimi yale maandazi yamenikaa kooni mpaka leo.

Mnaona tatizo letu sisi hasa? Mzungu wa hapa simu yake ikikosa kupiga anajua kesho yake, maana anapiga daktari, anapiga benki, anapiga fundi bomba. Sisi tunapiga wapi? Uvira, Kigoma, Bujumbura, Kampala, na kwa watoto wetu Melbourne. Kote huko kwa WhatsApp. Tunaweza kumaliza mwezi mzima hatujapiga simu ya kawaida hata moja. Na 000 haipigwi kwa WhatsApp. Mto Goulburn ulipofurika Oktoba 2022, nani kati yenu aliyeokolewa kwa voisi ya WhatsApp?

Kuhusu kufungiwa simu, niseme neno, maana malalamiko yalikuwa mengi na mengine nilikuwa nayaongoza mimi. Siku chache kabla ya tarehe 28 mamlaka ya mawasiliano, ACMA, iliweka kanuni: kampuni isiipe huduma simu ambayo haiwezi kupiga 000. Yaani hata kama simu yako ingeweza kufungua intaneti, kama dharura haipiti, inafungiwa. Nilikasirika. Niliona watu wanazimiwa mali yao, wengine wameinunua kwa jasho la msimu mzima wa mapeasi. Sasa nimebadilisha mawazo. Kufungia simu ni kuitia chenga kwa makusudi. Afadhali ife mbele ya macho yako Jumatatu asubuhi kuliko kukuacha siku ya moto. Ubaya wake ni kwamba kwa watu kama Bibi hata hizo chenga zilifunikwa na waifai.

Halafu kuna jambo ambalo sijaliona kwenye tangazo la kampuni yoyote. Nilipojua kosa langu nilimtafutia Bibi simu nyingine. Kampuni nazo zilikuwa zikitoa simu za bure kwa baadhi ya wateja wenye hali ngumu, kwa hiyo simu haikuwa shida. Bibi akakataa. Siku ya kwanza akasema atafikiria. Siku ya pili akasema hii ya zamani ameizoea. Siku ya tatu mkwewe akaniita pembeni akanieleza. Ndani ya ile simu kulikuwa na voisi ya kaka yake Bibi, aliyefariki kule. Sekunde kumi na tisa. Anamsalimia, anamuuliza kama huko kuna baridi, anakohoa, inakatika.

Kumbe kila aliyemwambia Bibi "badilisha simu", yeye alikuwa akisikia kitu kingine kabisa.

Tuliketi jioni nzima. Simu mbili sambamba juu ya meza, chaja zimechomekwa, nakala ya WhatsApp inapanda taratibu, Bibi kajitanda khanga hataki chai. Ilipokamilika sikumwonesha picha wala majina ya watu. Nilitafuta ile voisi kwanza nikaibonyeza. Kaka mtu akakohoa kwenye simu mpya kama alivyokohoa kwenye ya zamani. Bibi akasema, "Haya, sasa nifundishe kuwasha tochi."

Kwa hiyo nikitoa ushauri wangu leo, naanza na hapo. Ukitaka kumhamisha mzee kutoka simu moja kwenda nyingine, muulize kwanza ndani kuna nini asichotaka kipotee. Usimwambie kwanza habari za minara. Uliza, hamisha hicho, umsikilizishe. Halafu mengine atakufuata.

Cha pili, msirudie kosa langu la kutazama kona ya kioo. Mgeni akifika, mwekee laini, kisha ingia kwenye mipangilio zima waifai, uwe na uhakika imezimwa, halafu mwambie akupigie. Kupiga kwa kawaida, kwenye kitufe cha kijani cha simu. Yako iite. Pokea, msalimie, ongeeni kama nusu dakika, kata. Halafu wewe umpigie. Isipoita, usianze kumwambia mtandao mbovu, asubiri kesho. Kama waifai ikiwa imewashwa simu inapiga, na ikizimwa haipigi, umeshapata jibu lako: nyumbani inapona kwa waifai, barabarani ni saa ya mkononi.

Ikipiga, hujamaliza. Nimewaambia kuna zile za aina ya tatu. Hizo jikoni kwangu siwezi kuzijua, na wewe sebuleni kwako huwezi. Wakati ule tulikuwa tunatuma tarakimu moja tu, 3, kwenda namba 3498, jibu linarudi simu yako iko salama au haiko. Ilikuwa njia nzuri kuliko zote, kwa sababu mtoto wa miaka kumi aliweza kuifanya kwa mtaa mzima, na walifanya. Wapo vijana humu waliozunguka nyumba kwa nyumba, Mungu awabariki. Kwa mgeni wa leo, bonyeza *#06#, itatokea namba ndefu ya tarakimu 15, hiyo ndiyo namba ya utambulisho wa simu yenyewe. Iandike, nenda nayo dukani kwa kampuni ya laini, waambie wakuangalizie kama simu hii inapiga dharura kwenye mtandao wao. Kiingereza kikikupa shida, kuna huduma ya wakalimani ya serikali, namba 131 450, unaomba Kiswahili.

Na naomba, naomba sana, mtu asipige 000 kwa kujaribu. Najua mtajaribiwa, ni rahisi, namba tatu tu. Unachukua nafasi ya mtu ambaye mume wake ameanguka bafuni. Wafundisheni wazee maneno matatu tu ya Kiingereza: polisi, faya, ambulensi. Waseme moja, wabaki kwenye simu, kisha wataje Kiswahili wasubiri mkalimani. Wasikate. Wazee wetu wana adabu, wakisikia kimya wanadhani wamesumbua, wanakata.

Kuna anayeuliza pale nyuma, mbona yeye ana Samsung na ilipita majaribio yote ya 2024. Ndugu yangu, umenipeleka nilikokuwa nakwenda. Ukipiga 000 na mtandao wako hauko, sheria inataka simu ipande mnara wa kampuni yoyote iliyo karibu. Oktoba 2025, mwaka mzima baada ya kuzimwa, ikagundulika kwamba baadhi ya Samsung za zamani zikibaki na mnara wa Vodafone peke yake, dharura haitoki. Zilikuwa zimepangwa kutafuta 3G ya Vodafone, ile iliyokufa tangu Januari 2024. Jiko la uani limebomolewa, pamelimwa mchicha, lakini simu bado inakwenda pale pale na sufuria. Nyingi zilihitaji programu mpya tu. Nyingine zilibidi zibadilishwe kabisa, zikiwemo Galaxy S6, S7 na A5 ya 2017. Sasa nambieni, A5 ya 2017 nani hajawahi kuiona mtaani kwetu? Hizo ndizo tunazowarithisha wageni! Mtu akinunua mpya, ya zamani anaipeleka kanisani iwafae waliofika juzi. Ni moyo mzuri. Lakini tunaweza kuwa tunagawa simu zisizoweza kuita ambulensi, tena tumezifuta vumbi na kuziwekea kava.

Kwenye mashamba nako kuna neno. 4G inayofika mbali huko bustanini ni ile ya masafa ya megahezi 700, na si kila simu iliyouzwa Afrika inayo. Mtu anapiga vizuri mjini, akifika safu ya mwisho ya miti anapotea. Wakulima wa nchi hii walilalamika kwamba baada ya 3G wanakosa mawasiliano walikokuwa wakiyapata, na mengine ni kweli, nimeyaona kwa macho. Wewe unayempeleka kijana kuchuma siku ya kwanza, jaribuni simu kule kule shambani, chini ya miti, kabla msimamizi hajaondoka na gari. Na mwenye mama anayevaa kile kifaa cha kengele shingoni cha kuita msaada akianguka, mpigie aliyekiuza umuulize kinatumia mtandao gani. Vifaa vile navyo ni simu, ila havina uso.

Mtanidai niseme habari za nyumbani, nami sitaki kuingia sana. Kule bado kitochi kinatawala, na Wakenya wana kabambe yao, na mtu anaminya *150*00# anatuma pesa kwa bibi kijijini bila kujua 3G ni nini. Hiyo yote imekaa juu ya mitandao ya zamani. Siku ikifika ya kuizima, kitakachozimika si mazungumzo peke yake, ni pochi ya mtu. Natumaini watakaoizima watakuwa wamekaa kwanza jikoni kwa fundi mmoja wa simu, wakaona nani anakuja na analeta nini.

Simu ya zamani msiitupe. Nyingi tunazo kwa sababu ya laini za nyumbani, msimbo wa benki unaingia pale, M-Pesa iko pale. Zikae. Ila nimekuja na selotepu nyekundu, roli nne. Simu yoyote isiyopiga 000 tunaibandika ukanda mgongoni, hapa chini ya kamera, ili mtoto akiokota simu iliyo karibu usiku wa shida asiokote hiyo. Ya Bibi imeshabandikwa. Anaisikilizia kwaya akipika sombe, inatoa sauti nzuri kuliko mpya, amesema nisiiguse tena.

Naona saa imeinuliwa. Meza yangu iko pale mlangoni, nina chaja za aina tatu na orodha za zile aina za Samsung nimezichapa kwa maandishi makubwa. Waifai ya ukumbi tumeizima, kwa hiyo anayesema "mbona WhatsApp imegoma" ajue ndiyo kazi tuliyoijia. Mzee mwenye S7, nimekuona ulivyoirudisha mfukoni nilipoitaja. Shikamoo, mzee wangu. Anza wewe.